Siku Tatu za Ukimya wa Mwalimu Salvatory

Mwalimu Salvatory Mayige alifundisha jiografia mjini Bariadi kwa miaka thelathini na mbili, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuona mlima wenye theluji. Mara moja tu alikaribia. Alipelekwa Moshi kusahihisha mitihani, akakaa siku tisa, na siku zote tisa mlima ulikuwa umejifunika mawingu. Alirudi akaendelea kuufundisha kama mtu aliyewahi kulala huko juu.

Mito nayo aliifundisha hivyohivyo. Kila Agosti aliwapakia kidato cha pili kwenye lori hadi Mto Simiyu, akawapanga juu ya mchanga mkavu, akawaeleza kwa sauti yake kubwa jinsi maji yanavyochonga miamba na kuporomoka kwa kishindo. Wanafunzi walitazama kulia na kushoto, wakaona ng'ombe wakinywa kwenye kisima kilichochimbwa katikati ya mto, wakaandika.

Mtaani kwake Somanda alijulikana kwa kuongea. Ukimuuliza njia ya kwenda hospitali, alianza kukueleza kwa nini hospitali ilijengwa upande ule na si huu, na maji ya mvua yangeelekea wapi kama wangeijenga kwingine. Kama una mgonjwa, ulijifunza kumuuliza mtu mwingine. Mke wake, Martha, mzaliwa wa Maswa pale Nyalikungu, alikuwa mtu wa maneno machache. Alilima pamba na mpunga shambani kwao nje ya mji, akarudi jioni, akapika, akasikiliza. Hanif, mwenye duka la vifaa vya ujenzi ng'ambo ya barabara, alipenda kusema nyumba ile ina redio moja na msikilizaji mmoja, na betri haziishi.

Jambo moja tu Mwalimu hakulisimulia. Mwaka 2003 alianguka na pikipiki kwenye barabara ya Maswa, akapoteza meno sita ya juu ya mbele. Akatengenezewa mengine Mwanza, mazuri, yaliyoshikana kwenye kipande kimoja chenye rangi ya ufizi. Likizo nzima alisimama mbele ya kioo akijifunza upya kutamka Mississippi. Aliporudi darasani hakuna aliyeuliza kitu, naye akaamini kwamba siri ile ni ya watu watatu tu: yeye, Martha na daktari wa meno.

Alistaafu Julai ya mwaka jana. Wanafunzi wake wa zamani walimfanyia hafla, na katikati ya hotuba wakawasha skrini kubwa ukutani, akatokea Faraja. Faraja alikuwa mwanafunzi wake aliyemaliza kidato cha nne mwaka 2006, sasa ni mhandisi wa maji, anafanya kazi Nepal. Alitabasamu kutoka huko, akasema kwamba wenzake wote wamechangia, na kwamba mwezi Oktoba Mwalimu na mama watakwenda kumtembelea. Watashuka mto kwa boti ya mpira, kisha watatembea milimani siku nne.

"Mwalimu," Faraja alisema, "sasa utauona mto unaokimbia."

Watu walipiga makofi. Mwalimu alisimama kushukuru, akashukuru kwa dakika arobaini.

Nyumbani Martha alikunja kitambaa cha zawadi, akasema, "Nitakwenda kufanya nini milimani? Mbuzi wapo hapahapa."

"Mama Salu, Nepal ina milima minane kati ya kumi na minne iliyo mirefu kuliko yote duniani."

"Basi nenda ukaihesabu."

Lakini pamba ilikuwa imeshauzwa, mashamba yalikuwa yanangoja mvua, na Salu, binti yao mkubwa, alipiga simu kutoka Dodoma akamkumbusha mama yake kwamba baba akiachwa peke yake atasahau dawa za presha. Martha akakubali. Akatafuta mfuko, akaujaza michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani mpaka vikawa vigumu kama kokoto, kwa sababu hakuamini kwamba watu wa milimani wanakula kitu cha maana.

Mwalimu alianza mazoezi. Kila asubuhi aliweka vitabu vya jiografia kwenye begi la mgongoni, akatoka nyumbani kwa hatua ndefu kuelekea barabara ya Lamadi, akiwasalimu watu, "Mwangaluka," nao wakimjibu, "Mwangaluka, mwalimu." Alirudi baada ya saa mbili akiwa ameloa jasho. Mtaa mzima ulimheshimu kwa hilo hadi wiki ya tatu, dereva mmoja wa bodaboda alipomuuliza Hanif kama ana jibu la swali lililokuwa likimsumbua: kwa nini Mwalimu anakwenda kwa miguu kila siku, na kila siku anarudi kwa pikipiki, halafu anashukia kona ya mwisho.

"Ile ndiyo inaitwa kushuka mlima," Hanif alimjibu. Siku iliyofuata alimkuta Mwalimu barazani, akamwambia kwa upole, "Ukifika huko uliza kwanza kama wana bodaboda."

Mwalimu hakuona ubaya. Alimweleza Hanif kwa kirefu tofauti ya mazoezi ya kupanda na mazoezi ya kushuka.

Walifika Kathmandu wakiwa wamechoka, na Faraja aliwapokea kwa kupiga goti dogo pale uwanjani. "Shikamoo mwalimu. Shikamoo mama." Siku mbili aliwapumzisha, na Jumanne asubuhi akawapeleka mtoni.

Mto ule unaitwa Trishuli. Mwalimu alishuka kwenye gari akasimama ukingoni. Maji yalikuwa ya kijani, yanapita kwa kasi kati ya mawe makubwa kama nyumba, na yalikuwa yananguruma. Alikaa kimya kama nusu dakika. Faraja na Martha walitazamana.

"Hiki," Mwalimu alisema hatimaye, akinyoosha kidole, "ndicho nilichokuwa nawaambia." Kisha akaanza kueleza.

Nahodha wa boti alikuwa dada mfupi mwenye mabega mapana, anaitwa Sarita. Aliwavalisha makoti ya kuelea na kofia ngumu, akampa kila mmoja kasia, akawafundisha: nikisema mbele, wote mbele, nikisema nyuma, wote nyuma, nikisema chini, mnakaa chini ndani ya boti na kushika kamba. Faraja alikuwa akitafsiri kwa Martha. Mwalimu alikuwa akimweleza Sarita kwa Kiingereza jinsi maji yanavyozunguka nyuma ya jiwe. Sarita aliitikia kwa kichwa mara tatu, mara ya nne akamwomba ashike kasia.

Mwisho kabisa Sarita alipitisha mfuko usioingia maji. Miwani, saa, pete, hereni, kitu chochote kinachoweza kutoka, kiwekwe humo. Mwalimu alitoa miwani. Akatoa saa. Mfuko ulibaki wazi mbele yake. Martha alimtazama mdomoni, kisha akautazama mfuko, kisha akamtazama tena. Mwalimu alitikisa kichwa kidogo sana na kuupitisha mfuko kwa mwingine.

Saa ya kwanza ilikwenda vizuri. Martha, ambaye hajawahi kuogelea maishani mwake, alikaa mbele upande wa kushoto, akachovya kasia kama mtu anayepalilia: hakuharakisha wala hakukosea mstari. Mwalimu alikaa nyuma yake. Kila walipokaribia maporomoko, yeye alijua jina lake la kitaalamu.

Poromoko la nne lilikuwa na jiwe jeusi katikati. "Angalieni pale nyuma ya jiwe," Mwalimu alisema, "maji yanarudi juu kinyume cha mkondo, na hii ndiyo sababu..."

"Chini," Sarita alisema.

Wote walikaa chini isipokuwa aliyekuwa anaeleza sababu. Boti ilipanda upande mmoja wa wimbi, ikakunjika, ikashuka, na Mwalimu Salvatory akaondoka mahali pake mdomo ukiwa wazi.

Alizama, akaibuka, akazama. Maji yalikuwa ya baridi kiasi kwamba alisahau Kiswahili. Alipoibuka mara ya pili aliona mkono wa Martha. Sarita alikuwa amewafundisha kumvuta mtu kwa mabega ya koti, na Martha alikuwa amesikiliza. Aliingiza vidole kwenye mikanda yote miwili, akaegemea nyuma kama anavyovuta gunia la pamba kulipandisha kwenye mkokoteni, na Mwalimu akaingia botini na kumwangukia miguuni.

"Mwalimu, uko salama?" Faraja aliuliza.

Mwalimu aliitikia kwa kichwa.

"Umeumia popote?"

Mwalimu alitikisa kichwa. Midomo yake ilikuwa imefungwa kama bahasha. Aligeuka kumtazama mkewe, na katika macho yake Martha aliona kila kitu. Meno sita yalikuwa yanaelekea India.

Martha alivuta pumzi. Kisha mwanamke yule wa maneno machache akasema, "Mwacheni. Amepigwa na baridi kooni. Koo lake likishikwa huwa hasemi."

Na hivyo ndivyo Mwalimu Salvatory alivyonyamaza.

Jioni ile walifika Pokhara. Hotelini alijifunga skafu hadi puani, akala supu akiwa ameugeukia ukuta. Chumbani, mlango ulipofungwa tu, alikaa kitandani akafunua mdomo.

"Nimekwishaa," alisema, na neno likamtoka na upepo mwingi.

"Hujakwisha. Una mengine ishirini na kitu."

"Mbele ya Faraja. Mwanafunji wangu."

Martha aligeukia dirishani. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

"Unacheka."

"Sicheki," alisema Martha. Alipogeuka, uso wake ulikuwa wa kawaida. "Mwambie tu. Mtoto yule ana akili."

Mwalimu alikataa. Alisema, kwa maneno ambayo Martha ilibidi ayaunganishe vipandevipande, kwamba mwalimu akishachekwa hawezi kurudi kuwa mwalimu tena. Alikuwa amesema jambo hili kwa uzito, naye Martha akaacha kucheka. Alimfunga skafu vizuri zaidi. "Basi koo linauma," alisema. "Lakini mimi sijui kuongea badala ya mtu. Nitasema ninachokijua."

Jumatano walianza kutembea. Kiongozi wao alikuwa mzee mwembamba aitwaye Bishnu, mwenye miguu iliyokwenda kama cherehani. Alimwita Martha dada kwa lugha ya kwao. Alipoelezwa kwamba mzee huyu mwenye skafu hasemi, alimtazama kwa muda, akauliza swali kwa sauti ya chini. Faraja alitafsiri: anauliza kama ni nadhiri. Kuna watu wa dini huku hukaa miezi, hata miaka, bila kutamka neno, ili kusafisha moyo.

Martha alifikiri kidogo. "Mwambie hakupanga kuanza leo," alisema, "lakini moyo wake utasafika tu."

Tangu hapo Bishnu alimheshimu Mwalimu kwa namna ya pekee. Alimtangulizia chai. Alimfutia jiwe kabla hajakaa. Katika kijiji cha kwanza akanong'ona kitu kwa mwenye mgahawa, na mama mmoja akatoka na shada la maua ya njano, akamvisha Mwalimu shingoni na kuunganisha viganja mbele ya kifua chake. Mwalimu alijibu kwa kuinamisha kichwa. Alikuwa na maelezo ya kutosha kuhusu hali ya hewa inayofaa maua yale, na yote akayameza.

Chini ya kijiji palikuwa na mashamba ya mpunga, yamekatwa mlimani kama ngazi, moja juu ya jingine, na mpunga ulikuwa umeiva. Martha alisimama. Tangu watoke Bariadi alikuwa ametazama milima kwa adabu tu, lakini hapa alisimama kweli. Bibi mmoja alikuwa anavuna kwa mundu. Martha alishuka ukingoni, akaokota suke, akaling'ata punje.

"Bado siku tatu," alimwambia bibi kwa Kisukuma.

Bibi akajibu kwa Kinepali, akaonyesha mawingu.

"Ni kweli, mvua ikiwakuta ni hasara," Martha alisema. Alivua begi, akampa Mwalimu alishike, akaupokea mundu. Kwa muda wa nusu saa wanawake wale wawili walivuna bega kwa bega, kila mmoja akiongea lugha yake, wakikubaliana. Bibi alipouona mkono wa Martha unavyokamata mashina mengi kwa mara moja, alimwita jirani aje kuona. Martha alimwonyesha. Alieleza, akarudia, akacheka, akaeleza tena. Faraja alikaa juu ya jiwe akamwambia Mwalimu kwamba hakujua kumbe mama anaongea hivi.

Mwalimu, akiwa na begi mikononi na maua shingoni, naye alikuwa anasikiliza. Miaka thelathini na minne ya ndoa, na hakujua kwamba mkewe ana maoni juu ya mundu wenye meno na mundu usio na meno. Alitaka kumuuliza tangu lini. Ilibidi angoje.

Baada ya chakula cha mchana ngazi zilianza, ngazi za mawe, zaidi ya elfu tatu, zinazopanda hadi kijiji kiitwacho Ulleri. Hapakuwa na bodaboda. Mwalimu alipanda akihema puani, maana mdomo haukufunguka, na pua yake ilipiga filimbi kwa kila hatua. Kwenye kila kituo Martha alitoa michembe, akampa Bishnu, akampa Faraja, nao walitafuna kwa kelele tamu ya kukatika. Bishnu aliipenda mno. Alimnyooshea na mzee wa nadhiri kipande. Mzee alikipokea kwa mikono miwili, akakitazama kwa huzuni, akakitia mfukoni.

"Anafunga pia?" Bishnu aliuliza.

"Kwa michembe, ndiyo," Martha alisema.

Alhamisi walitembea kwenye msitu wa miti mikubwa yenye ukungu, na kwa kuwa Mwalimu hakuongea, watu walianza kumwambia mambo. Bishnu alimsimulia kwa Kiingereza cha polepole habari za mwanawe aliyekwenda kufanya kazi Qatar na hajarudi kwa miaka mitano. Faraja alimwambia kwamba kuna siku anachoka na nchi ya watu, anatamani kusikia tu mtu akimsalimia asubuhi kwa Kisukuma barabarani. Mwalimu alisikiliza wote. Hakuwa na la kufanya isipokuwa kuwatazama usoni, na alipowatazama aliona kwamba walikuwa hawangoji jibu. Mara moja tu alimshika Faraja bega, akaliachia.

Jioni, karibu na jiko la kuni la nyumba ya wageni, Martha alimsogelea sikioni. "Baba Salu," alisema, "sikujua kwamba ukinyamaza unapendeza. Ningelikutupa mtoni zamani."

Ijumaa walipanda kilima cha mwisho alfajiri, pamoja na wageni wa mataifa mengine, wote wamevaa kama mablanketi yanayotembea. Juu kulikuwa na ukungu mzito. Watu walisimama wakipuliza viganja. Mwalimu alisimama kando, na Martha alijua anachofikiria: siku tisa za Moshi.

Kisha ukungu ulishuka bondeni. Haukuondoka wote kwa pamoja. Kwanza ilionekana ncha moja, ya rangi ya waridi, juu sana, mahali ambapo mtu hutegemea kuona anga tu. Halafu nyingine. Halafu ukuta mzima wa theluji ukawa umesimama mbele yao, kutoka mkono wa kushoto hadi wa kulia, na jua likaanza kuushukia taratibu.

Mwalimu aliivuta skafu chini. Labda alitaka hewa. Alifungua mdomo, machozi yakimtiririka, akacheka kama mtoto, kicheko kipana cha wazi, na pengo lake lote likatazama Himalaya.

"Ipo," alisema. "Mama Salu, ipo kweli."

Ndipo alipomwona Faraja amesimama mbele yake. Mkono ulimruka kwenda mdomoni, lakini alikuwa amechelewa.

Faraja hakushtuka. "Nilidhani yalipotelea mtoni," alisema. "Sikutaka kuuliza."

Mwalimu alibaki na mkono mdomoni.

"Mwalimu, sisi tulijua tangu kidato cha kwanza."

"Mlijua nini?"

"Siku uliporudi baada ya ajali. Ulikuwa unafundisha mito mirefu ya dunia. Ulipofika Mississippi yakaruka. Ukayadaka hewani, ukageuka ubaoni, ukaendelea kuchora. Hukusema kitu, nasi hatukusema. Wakati wa mapumziko tukakubaliana kwamba atakayecheka atashughulikiwa na darasa zima."

"Miaka yote minne?"

"Na tukawaonya waliokuja nyuma yetu. Wao wakawaonya wengine."

Mwalimu alitazama milima, akamtazama Faraja. "Na mkuu wa shule?"

"Yeye ndiye aliyetushauri tusikae dawati la mbele siku za Mississippi."

Martha alikuwa wa kwanza kucheka, safari hii bila kugeuka pembeni. Mwalimu naye alijaribu kukunja uso, akashindwa. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye barafu. Bishnu, aliyekuwa akileta chai, aliona mzee wa nadhiri anacheka na kusema kwa wakati mmoja. Aliweka birika chini, akaunganisha viganja, akauliza kama moyo umekwisha kusafishwa.

"Mwambie umesafishwa," Mwalimu alisema. "Mwambie ulikuwa na uchafu wa miaka ishirini na moja." Na kwa kuwa alikuwa ameanza, aliendelea kumweleza Bishnu jinsi mabara mawili yalivyogongana yakainua milima ile. Alieleza njia yote ya kushuka, kwa lugha mbili na pengo moja, mpaka kufika msituni Bishnu alikuwa ametangulia mbele sana, mwendo wake ule wa cherehani ukiwa umeongezeka.

Bariadi waliwapokea vizuri. Hanif alivuka barabara, akamsalimu shemeji kwanza, kisha akamtazama Mwalimu mdomoni kwa utulivu.

"Naona umeacha kumbukumbu huko," alisema.

"Na wewe ulikuwa unajua?"

"Mwalimu, nimekuuzia gundi mara nne. Mtu mwenye kiti kimoja cha plastiki, gundi yote ile ya nini?"

Meno mapya yalihitaji wiki tatu Mwanza, na shule ilikuwa imetangaza kwamba Ijumaa ile Mwalimu atakuja kuwaeleza wanafunzi habari za safari. Hakukwepa. Alivaa koti, akasimama mbele ya ukumbi uliojaa, akasema wazi kwamba meno yake yamebaki kwenye mto, na anayetaka kucheka acheke sasa. Wanafunzi walikaa kimya kabisa. Walikuwa wameonywa. Ilibidi awaombe mara ya pili ndipo kicheko kikaanza nyuma, kikaja mbele kama mvua juu ya mabati.

Lakini alipoanza kueleza, neno moja kati ya matatu lilipeperuka. Baada ya dakika kumi alisimama, akamtazama Martha aliyekuwa amekaa kando na mkoba wake magotini. "Endelea wewe," alisema. "Na wewe ulikuwepo."

Martha alisimama. Mwanzoni alitazama sakafu. Kisha akawaambia habari za mpunga unaolimwa kwenye ngazi, na jinsi bibi mmoja alivyomwelewa bila lugha, na jinsi maji yanavyomvuta mtu, na namna ya kumrudisha. Msichana wa kidato cha tatu alinyoosha mkono, akauliza kama aliogopa mzee alipoanguka.

"Niliogopa baada ya kumtoa," Martha alisema. "Kabla ya hapo sikuwa na nafasi."

Walimuuliza maswali hadi kengele. Wiki iliyofuata shule ya Nyalikungu ikapiga simu, ikiomba mama aje. Hawakumtaja Mwalimu. Mwalimu akamsindikiza hivyohivyo, akakaa kwenye kiti cha pembeni na mkoba magotini, na mara mbili tu ndipo alipomsahihisha.

Meno mapya yalipokuja yalikuwa mazuri kuliko ya kwanza, na maongezi yakarudi kama kawaida. Watu wenye wagonjwa waliendelea kuuliza njia kwingine. Ila kulikuwa na badiliko moja. Mara nyingine, katikati ya maelezo, alisimama akamgeukia mkewe na kumuuliza, "Ilikuwaje pale, Mama Salu?" Na akangoja mpaka ajibu.

Mvua zilianza katikati ya Novemba. Kwa miaka yote ya kazi Mwalimu alikuwa na madaftari ya kusahihisha kila msimu wa kupanda ulipofika, na sasa hakuwa na daftari hata moja. Asubuhi ya kwanza Martha alimpa kamba iliyofungwa mafundo na kopo la mbegu za pamba, akamwonyesha: sentimita sitini kati ya mistari, thelathini kati ya mashimo, mbegu zisizidi tano. Mwalimu alipiga mstari wake hadi mwisho wa shamba, akarudi akiwa amefurahi, akasimama kungoja.

Martha alitembea polepole kandokando ya mstari ule, akiupima kwa macho.

"Unajipinda," alisema.

"Hiyo ni kwa sababu ardhi hapa imelala kuelekea..."

"Baba Salu. Unajipinda."

Mwalimu alitazama mstari, akatazama kamba mkononi. Akarudi mwanzo wa shamba, akainama, akaanza kufukua.

"Kamba naivutaje?" aliuliza kutoka huko.

Martha aliweka kopo lake chini, akaenda kumwonyesha.